Pua kwenye bampa: uchambuzi wa kisa cha Daytona, 2011

Kuhusu kisa chenyewe

Hiki ni kisa cha mbio za magari za NASCAR za Marekani, msimu wa 2011, kwenye kiwanja cha Daytona jimboni Florida na kile cha Talladega, Alabama. Madereva, timu na wahandisi nimewaondolea majina na namba za magari. Aliyezifuatilia mbio zile atawatambua, na asiyezifuatilia hapungukiwi kitu. Viwanja, tarehe na vipimo nimeviacha kama vilivyo kwenye rekodi za wazi, maana bila vipimo hakuna cha kujifunza hapa.

Ninachokifuata ni uso wa mbele wa gari: bampa, grili (uwazi wa kuingizia hewa), na ule ubao mwembamba wa chini unaoitwa splita. Sehemu hiyo ilibadilishwa kidogo tu kabla ya msimu kuanza. Kufika Februari, namna ya kushindana kwenye viwanja hivi viwili vyenye kasi kubwa ilikuwa imegeuka.

Usuli

Gari la NASCAR lina sura ya gari la kawaida la familia, na ukawaida wake unaishia hapo. Ndani ni fremu ya mabomba ya chuma na injini ya silinda nane. Mwaka 2007 kilianza kutumika kizazi kipya cha gari hilo, na kuanzia 2008 kikatumika msimu mzima. Usalama ndio uliotangulizwa kwenye usanifu wake, na moja ya mambo yaliyoamuliwa ni kwamba bampa la mbele na la nyuma yawe na kimo kinacholingana. Kwenye magari ya zamani pua ilikuwa imelala. Ukimsukuma mwenzako kwa nguvu, pua yako inaingia chini ya bampa lake, inamnyanyua matairi ya nyuma, naye anazunguka. Kwenye kizazi kipya mabampa yalikutana bapa kwa bapa. Aliyesanifu alikuwa akiwaza migongano, na kwa migongano alifanya kazi nzuri.

Splita nayo ina kazi yake. Hewa inayogonga uso wa gari hurundikana juu ya ubao huo na kuusukuma chini, huku hewa inayopenya chini yake ikikimbia na presha yake kushuka. Tofauti ya presha hizo mbili ndiyo inayoyakandamiza matairi ya mbele kwenye lami. Hadi mwisho wa 2010 splita ilishikiliwa na vifimbo vilivyoonekana wazi mbele ya gari, na wengi walilalamika kwamba uso ule ni mbaya. Kwa msimu wa 2011 vifimbo vikaondolewa, mwanya ukazibwa, na pua yote ikawa kipande kimoja kilichonyooka. Ilikuwa kazi ya kurembesha sura zaidi kuliko kitu kingine.

Mambo mengine mawili yalikutana na pua hiyo. La kwanza ni lami. Februari 2010, katikati ya mbio kubwa za mwaka, shimo lilifumuka kwenye lami ya Daytona na kuzisimamisha mbio kwa zaidi ya saa mbili. Kiwanja kizima kikafumuliwa na kuwekwa lami mpya, mara ya kwanza tangu 1978. Lami ya zamani ilikuwa na matuta, na matairi yaliteleza, hivyo dereva alilazimika kuachia mafuta kwenye kona. Mpya ilishika kiasi kwamba mguu haukuhitaji kuondoka kwenye pedali mzunguko mzima.

La pili lilikuwepo tangu 1988: bamba la kubana hewa. Wakati huo kilikuwa kipande cha chuma chenye matundu manne kilichowekwa kati ya kabureta na injini ili kuinyima pumzi. Injini iliyotoa zaidi ya nguvu farasi 800 kwingineko ilibaki na 450 hivi Daytona na Talladega. Kona za Daytona zimeinuka nyuzi 31, za Talladega nyuzi 33, kwa hiyo gari halina sababu ya kupunguza mwendo. Kama nguvu ni ileile kwa wote na wote wamekanyaga hadi mwisho, kilichobaki cha kupigania ni ukinzani wa hewa.

Kwa nini mawili hushinda moja

Gari linalokwenda peke yake hulipa mara mbili. Mbele linaisukuma hewa iliyorundikana usoni. Nyuma linaacha eneo la presha ndogo ambalo linalivuta kurudi nyuma. Kumfuata mwenzako kwa karibu hukupunguzia gharama ya mbele, na hilo limejulikana Daytona tangu enzi za mwanzo za kiwanja. Jambo lisilotazamwa sana ni kwamba wa mbele naye hunufaika: ukikaribia vya kutosha, presha iliyo mbele ya pua yako hujaza lile eneo la presha ndogo lililo nyuma yake. Mkigusana kabisa, hewa inawaona kama gari moja refu lenye uso mmoja, mkia mmoja na injini mbili.

Tarehe 13 Februari 2011, kwenye mbio za kufuzu ambako kila gari hukimbia peke yake, aliyeongoza alipata wastani wa maili 186 kwa saa. Usiku uliotangulia, kwenye mbio fupi za ufunguzi, jozi ya magari yaliyogandana ilifika maili 206, karibu kilomita 331. Nguvu inayohitajika kuishinda hewa hukua kwa mwendo ulioinuliwa mara tatu, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukiweka namba hizo, tukiacha pembeni msuguano wa matairi, kwenda maili 206 peke yako kungehitaji nguvu zaidi kwa theluthi moja na ushei. Jozi iliipata bila injini kuongezewa chochote. Hakuna mhandisi wa injini ambaye angeweza kukuletea theluthi moja ya nguvu kwa usiku mmoja.

Mlolongo wa mambo

Dalili zilikuwa zimeonekana mapema. Aprili 2009 huko Talladega magari mawili yaligandana mwishoni mwa mbio, yakayapita yaliyokuwa yakiongoza kana kwamba yamesimama, kisha yakagusana vibaya karibu na mstari wa kumalizia. La mbele liligeuka, likanyanyuka, likagongwa na lililokuwa likija na kurushwa kwenye uzio. Mashabiki kadhaa waliumia. Baadaye mwaka huohuo wasimamizi walipiga marufuku kusukumana kwenye kona za Talladega. Mbio zikadorora, watu wakalalamika, na Januari 2010 marufuku hiyo ikaondolewa.

Januari 2011 timu zilikwenda Daytona kwa majaribio, zikiwa na pua mpya juu ya lami mpya. Zikagundua kwamba jozi sasa inaweza kugandana kwenye kona na kwenye sehemu iliyonyooka bila kuachana. Pua laini isiyo na vifimbo ilikaa juu ya bampa la nyuma la mwenzake kama iliyopimwa. Lami haikuwarusha tena kwenye matuta.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa maji. Pua ya msukumaji ikishazibwa na bampa la mwenzake, grili haipati hewa, na rejeta inayolisha injini iliyokanyagwa hadi mwisho inaanza kuchemka. Msukumaji alikuwa na dawa yake: alisogeza pua kulia au kushoto kwa upana wa viganja viwili hivi, kona moja ya grili ikachungulia nje ya kivuli cha mwenzake, na sindano ya joto ikatulia. Dereva huyo hakuona kitu zaidi ya kioo cha nyuma cha gari la mbele. Aliongozwa na mtazamaji wa timu aliyekaa juu ya jukwaa, pamoja na dereva wa mbele mwenyewe, kwa kuwa wakati huo redio ziliruhusiwa kuunganisha magari mawili hata kama ni ya timu tofauti. Wa mbele alikuwa anaendesha kwa macho ya wawili. Wa nyuma alikuwa injini ya pili.

Jumamosi tarehe 12 Februari zikaja mbio za ufunguzi, na dunia ikaona maili 206.

Maamuzi na sababu zake

Wasimamizi walikuwa na siku nane kabla ya mbio kubwa. Tuyapitie machaguo yao kwa haki, maana ni rahisi kuwacheka leo.

Kubadilisha pua hakukuwezekana. Kila timu ilikuwa imeshajenga magari yake, na umbo la pua linalindwa kwa vipimo ambavyo gari lisipovitimiza halishindani. Hata hivyo, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yenye tatizo.

Kupiga marufuku kusukumana kulishajaribiwa mwaka 2009 na kuonja uchungu wake. Afisa aliye juu ya mnara atahukumuje kwamba pua hii imegusa bampa hili kwa sekunde moja au tatu, magari yakiwa yanakata karibu mita 90 kila sekunde?

Wakabaki na joto. Waliamuru uwazi wa kuingizia hewa ya kupoza usizidi inchi 2.5 kwa 20, yaani sentimita 6 na ushei kwa 51. Ni nusu ya karatasi ya A4, na hiyo ndiyo pumzi yote ya rejeta ya gari la mbio. Pia wakaweka vali ya kuachia presha kwenye mfumo wa maji, iliyopangwa kwenye paundi 33 kwa inchi ya mraba. Vali hiyo ilikuwa akili nzuri. Maji yakibanwa kwa presha hiyo hayachemki hadi yafike nyuzi 136 hivi za selsiasi, na bila mpaka timu zingeendelea kubana zaidi na zaidi ili zisukume muda mrefu zaidi. Ni kazi ileile ya mfuniko wa rejeta kwenye gari lolote, ila hapa mpaka uliwekwa na refa. Ukizidisha, maji yanarushwa nje, na ukishayapoteza hayarudi, injini inafuata.

Siku chache baadaye, mwendo ukiwa bado juu, kipenyo cha matundu ya bamba la kubana hewa kikapunguzwa kwa sehemu moja ya 64 ya inchi.

Nia ya maamuzi yote haya ilikuwa kuwaachanisha. Msukumaji akishindwa kuvumilia joto kwa muda mrefu, walifikiri, makundi makubwa ya zamani yatarudi.

Matokeo

Makundi hayakurudi. Tarehe 20 Februari mbio kubwa zilikimbiwa kwa jozi tangu mwanzo. Kwenye mizunguko ya awali msukumaji mmoja alimgeuza mwenzake na ajali ikakusanya magari zaidi ya kumi. Bendera ya njano ya tahadhari ilitoka mara 16, rekodi ya mbio hizo. Uongozi ulibadilika mara 74 kati ya madereva 22, navyo vyote viwili vikiwa rekodi.

Namba hiyo ya 74 ilitangazwa kwa fahari, lakini itazame kwa karibu. Jozi iliyo mbele inasukumana mizunguko michache, sindano ya joto ya wa nyuma inapanda, na inabidi wabadilishane. Wa mbele anaachia kidogo na kupanda juu, wa nyuma anapita chini, kisha aliyepitwa anajipachika nyuma. Katika kubadilishana huko jozi imevunjika, imerudi kuwa magari mawili yenye mwendo mdogo zaidi, na jozi nyingine inawapita. Kisha nayo inachemka. Sehemu kubwa ya mabadiliko ya uongozi siku ile ilipangwa na rejeta. Sheria iliyoletwa kuua jozi iliishia kuwa saa ya kuwaambia ni lini wabadilishane.

Aprili 17, Talladega, uongozi ulibadilika mara 88 na mshindi akashinda kwa sekunde 0.002 akiwa amesukumwa na mwenzake wa timu. Kwenye takwimu hizo ni mbio za kusisimua kuliko karibu zote. Lakini mashabiki wengi hawakuzipenda, na nadhani nawaelewa. Dereva mwenye kipaji cha kusoma hewa ndani ya kundi la magari 30 alikuwa amegeuzwa dereva wa kusukuma. Ushindi ulitegemea umempata nani wa kugandana naye na kama atatimiza ahadi. Oktoba huohuo Talladega, dereva mmoja aliyekubali kwenye redio kumsukuma mwingine katika mizunguko ya mwisho alimwacha na kuungana na gari la kampuni ileile iliyounda lake. Lawama zake zilidumu kuliko habari za mshindi.

Kwa mbio hizo za Oktoba wasimamizi walikuwa wameshusha mpaka wa vali na, la kushangaza kwa asiyefikiri sana, wameyapanua matundu ya bamba. Mwaka 2012 wakaendelea: mifumo ya maji ikapunguzwa ujazo, spoila ya nyuma (ubao wa mkiani unaolikandamiza gari) ikafupishwa, springi za nyuma zikalainishwa, na mawasiliano ya redio kati ya gari na gari yakakatwa. Hapo makundi yakarudi kwa sehemu kubwa ya mbio, jozi zikabaki silaha ya mizunguko ya mwisho.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kwanza. Uamuzi wa kushughulikia joto ndani ya siku nane ulikuwa sahihi kwa sababu moja: ulipimika. Uwazi wa inchi 2.5 kwa 20 unapimwa kwa rula kwenye karakana, vali inapimwa kwa geji, na hakuna afisa anayelazimika kuhukumu nia ya dereva. Ukilinganisha na marufuku ya 2009, tofauti ni kubwa. Wakati umbo haliwezi kuguswa, kugusa kitu kinachopimika ndiyo busara.

Kukata redio nako kulifanya kazi kuliko kulivyosifiwa. Jozi ilihitaji macho ya mbele na mguu wa nyuma viwe na ubongo mmoja. Redio ilipokatwa, kila amri ililazimika kupitia watazamaji wawili juu ya jukwaa, na kwa kasi ile nusu sekunde ni mita 45.

Kilichoshindwa ni kupunguza nguvu ya injini, na hapa ndipo naona kosa la kifikra. Kubana bamba zaidi kulipunguza mwendo wa juu kweli, na kwa usalama wa uzio na mashabiki huenda hakukuwa na budi. Lakini gari lenye nguvu ndogo linaumizwa zaidi na hewa kuliko lenye nguvu kubwa. Kila punguzo la nguvu linaongeza thamani ya mtu wa kukusukuma. Ukitaka madereva waachane, wape nguvu ya kutosha kila mmoja aweze kumfuata mwenzake bila kushikana. Ndiyo maana kupanua matundu Oktoba kulikuwa kwenda upande sahihi, ingawa kwa hatua ndogo.

Grili yenyewe inahitaji neno la ziada, kwa kuwa watu huiona kama tundu la kupoza tu. Hewa inayoingia kwenye grili hupoteza mwendo ndani ya rejeta, na hilo ni ukinzani. Kisha inatoka chini ya injini na kuipandisha presha pale ambapo splita inataka presha iwe ndogo, kwa hiyo matairi ya mbele yanapungukiwa mkandamizo. Ndiyo sababu mafundi wa NASCAR wa enzi hizo walikuwa wakiibandika tepu grili siku ya kufuzu: gari lilikuwa jepesi hewani na pua ilishika, kwa gharama ya joto lililovumilika kwa mizunguko miwili tu. Sasa fikiria sheria inayolazimisha uwazi mdogo kwa kila gari. Kwa upande mmoja inamchemsha msukumaji. Kwa upande mwingine inafanya kila gari kuwa na pua safi zaidi hewani, mithili ya iliyobandikwa tepu kwa amri. Sina shaka waliiona gharama hiyo na wakaikubali, lakini ni mfano mzuri wa jinsi sehemu ya mbele isivyokupa kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Chanzo cha yote kiko nyuma zaidi, kwenye meza ya kuchorea. Pua ya 2011 ilifikiriwa kama uso wa gari moja: ionekaneje, ikandamize kiasi gani, ivunjike vipi ikigonga. Kwenye viwanja viwili vya bamba, umbo lenye maana ni lile linalopatikana pua inapokutana na bampa la nyuma la gari jingine, na kwa gari hili bampa hilo lilikuwa bapa, la kimo kilekile. Mwenye kutaka ushahidi wa jinsi mgusano huo ulivyokuwa kila kitu atazame mzunguko wa mwisho wa Talladega, Mei 2012. Aliyekuwa akiongoza alisukumwa na mmoja tu nyuma yake. Akiingia kona ya tatu alipanda juu ghafla, kiasi cha kumfanya msukumaji abanduke. Mwanya wa mita chache ulitosha: hewa iliingia kati, lile gari moja refu likawa mawili, na wa nyuma hakumfikia tena hadi bendera.

Tiba ilikuja 2013 na kizazi kilichofuata cha gari. Pua na mikia vilichorwa upya kwa kufuata magari halisi ya kila kampuni, na mabampa hayakukaa tena bapa kwa bapa. Aliyejaribu kugandana kwa muda mrefu alimyumbisha mwenzake. Jozi zikafa kwenye daraja la juu, na hakuna aliyehitaji kupima joto la maji ili kuziua. Madaraja ya chini hayakupata tiba hiyo ya umbo kwa wakati mmoja, jozi zikaendelea huko, na Januari 2014 wasimamizi walirudi kwenye njia waliyoiacha 2010: wakatangaza kwamba kwenye Daytona na Talladega gari litakaloonekana limegandana na jingine kwa kusukuma litaitwa kwenye pit, yaani eneo la huduma kando ya kiwanja, kwa adhabu.